Mwezi Ambao Mama Mkwe Alisikiliza Roki

Nina marafiki watatu wa muziki, na wote watatu nawadharau. Nalisema hili mapema ili msomaji asinitafutie upole ambao sina. Wa kwanza ni avoka, yaani wakili, mtu wa suti hata Jumamosi, ambaye hajawahi kupenda albamu yoyote kabla ya kusoma mahali kwamba Wazungu wameipenda. Wa pili ni injinia wa maji. Huyo anaamini roki ilikufa mwaka aliooa yeye, na kila albamu mpya anaisikiliza kama mtu aliyeitwa kutambua maiti. Wa tatu aliishi Ubelgiji miaka michache akarudi na koti la ngozi. Tunamwita Mbelgiji, na badala ya kuona kwamba tunamcheka, anaona tunamheshimu.

Basi kwa nini nilikaa nao? Kwa sababu Bukavu, ukitaka kuzungumza habari za gitaa la umeme na mtu ambaye hatakuombea upone, huna wengi wa kuchagua. Mji huu una rumba kila baa na kwaya kila kona. Roki ilikuwa yetu sisi wanne, kama ugonjwa wa ukoo. Mimi niliupata sekondari, kwa mapadri, bruda mmoja mzee aliporudi kwao na kuacha sanduku la kaseti ambazo hakuna mtu aliyezitaka. Wenzangu walichukua sanduku. Mimi nikachukua kaseti.

Kila mwezi wa kumi na mbili tulikuwa tunakutana kuchagua albamu kumi za mwaka: za roki, na za indi, yaani zile za bendi ndogo zinazojirekodia zenyewe bila kampuni kubwa nyuma yao. Tukishakubaliana, au tukishachoka, avoka anatuma majina kwenye kikundi chetu cha simu, na watu wa Goma na Bujumbura ambao hatujawahi kuonana nao wanatujibu kwa dole gumba. Ugomvi wote ule kwa ajili ya dole gumba. Hata hivyo niliuchukua kwa uzito kuliko kusahihisha mitihani ya wanafunzi wangu wa Kifaransa, ambao nao, tukisema ukweli, hawajawahi kunipa sababu ya kuwaheshimu.

Mwaka jana, wiki ileile shule zilipofunga kwa Noeli, mama mkwe wangu aliletwa kutoka Nyangezi kupasuliwa mtoto wa jicho.

Ni mjane wa miaka mingi, mkulima, Mkatoliki wa kusali rozari asubuhi, mchana na jioni, na ana mdomo ambao kijiji chake kizima kinauogopa. Hospitali ilimfunga bandeji jicho la kulia. La kushoto nalo lilikuwa na ukungu wake, kwa hiyo alichokuwa anaona ni mwanga wa dirisha na vivuli vyetu tukipita. Daktari alisema abaki mjini mpaka mwaka mpya, asiiname, asikae karibu na moshi, arudi kuangaliwa mara kwa mara. Mke wangu anauza vitenge sokoni Nyawera, na mwezi wa Noeli ndio mwezi wa vitenge, kwa hiyo aliondoka asubuhi na kurudi jioni. Watoto wetu walishahama nyumbani. Tukabaki wawili: mimi na mama mkwe.

Mtu asiyejua desturi zetu hataona tatizo. Kwetu Bashi, mwanaume na mama mkwe wake hawakai ovyo chumba kimoja. Hawaangaliani usoni, hawali pamoja. Miaka yote ya ndoa yangu nilikuwa nimempa maneno ambayo hayajazi kikombe: habari ya njia, habari ya mvua, tunashukuru Mungu. Sasa alikuwa amekaa kwenye kiti changu sebuleni, uso dirishani, rozari mkononi, na kila upande wake kuna bafle moja, yaani spika, kati ya mbili nilizonunua kwa mwanakwaya aliyeacha kuimba. Na albamu za mwaka zilikuwa zinanisubiri ndani ya simu, nyingine sijazifungua hata mara moja.

Ningetumia visikizi vya masikioni, lakini upande mmoja ulikuwa umekufa, na kusikiliza roki kwa sikio moja ni kama kunusa sambaza, dagaa wa ziwa letu, badala ya kuzila. Nikamwomba mke wangu amwulize mama yake kama muziki utamsumbua. Akaenda, akarudi akijizuia kucheka.

"Maman anasema nyumba ni yako. Anasema tena yeye alishazoea kelele, alikuwa anafuga mbuzi."

Asubuhi iliyofuata nilianza na albamu ambayo avoka alikuwa ameshaitangaza kuwa "muhimu". Neno hilo hulitumia kwa kitu ambacho hajakisikiliza. Ni bendi ya vijana wa Uingereza. Mwimbaji wao haimbi, anasema tu, tena kwa hasira, juu ya magitaa yanayokwaruza kama msumeno kwenye bati. Niliona vidole vya mama mkwe vinasimama juu ya rozari.

"Mukwe," aliita, bila kugeuza kichwa.

"Maman."

"Huyu iko anagombana na nani?"

"Hagombani, Maman. Anaimba."

"Anaimba." Alilitafuna neno hilo kama mtu aliyekuta mchanga kwenye mboga ya sombe. "Anaimba nini?"

"Analalamikia nyumba. Anasema kodi imepanda na kuta zina unyevu."

"Nyumba iko ya matope?"

"Hapana. Ya matofali, nafikiri."

"Basi anyamaze," alisema, akarudi kwenye Salamu Maria yake pale alipoiachia.

Nilicheka moyoni, kicheko cha mtu aliyesoma. Nilifikiri: mwanamke huyu hajui sauti ya mji, hajui kwamba hasira ni sanaa. Lakini kufika wimbo wa saba nilikuwa nimechoka na kijana yule. Unyevu uleule, ukuta uleule. Ningekuwa mwenye nyumba, ningekuwa nimeshamfukuza. Nikajiambia ni usingizi.

Kesho yake nilifungua albamu ya msichana mmoja aliyejirekodi chumbani kwake, gitaa moja na sauti ya kunong'ona. Mvua ilianza. Hakuna albamu ya kunong'ona inayoishinda mvua ya Bukavu juu ya mabati ya mwezi wa kumi na mbili.

"Mukwe, ulishafungua?"

"Nilishafungua, Maman. Anaimba polepole."

"Iko anaogopa kuamusha nani?"

Siku nyingine ilikuwa Waamerika wawili, mmoja gitaa, mmoja ngoma, hakuna maneno, wimbo mmoja unachukua karibu upande mzima wa albamu. Huo ndio muziki ninaoupenda kuliko wote, na nilikuwa nimekaa na macho yamefungwa, najiona mtu wa maana.

"Balishaanza, ao bangali banatengeneza vyombo?"

"Walishaanza, Maman. Wako katikati."

"Mungu abasaidie."

Ndivyo siku zilivyokwenda. Kwanza nilimvumilia. Kisha nikaanza kumjibu. Kisha, sijui ni siku gani hasa, nikajikuta napiga mswaki asubuhi huku natayarisha hoja, kama avoka mwenyewe kabla ya kesi, kumweleza mama mkwe maana ya magitaa yanayopiga mwangwi. Nilimwambia albamu fulani inahusu upweke. Akauliza bendi hiyo ina watu wangapi. Nikasema watano. "Batano," alisema, "na beko na upweke." Nilimwambia kwamba mwimbaji fulani haimbi sawasawa kwa makusudi. Akasema kijijini kwao kuna mwanaume anayelewa kwa makusudi, na bado anaanguka kwenye mfereji.

Nilikuwa na albamu moja niliyodhani itamnyamazisha. Ilitoka Nairobi, ya msichana mwenye gitaa la umeme na ngoma kali, anaimba Kiswahili tupu. Niliipenda kweli. Nilijua wenzangu wataitupa kwa sababu hakuna gazeti la Ulaya lililoitaja, na nilikuwa nimeshajipanga kuipigania. Nikaongeza sauti kidogo, nikakaa karibu na mlango, nikangoja.

Aliisikiliza mpaka wimbo wa tatu.

"Afadhali bale bazungu," alisema. "Bale sikukuwa najua banasema nini."

"Maman, huyu anasema vizuri. Ni mashairi."

"Pa kuanza alisema moyo yake ni kiberiti, ilishawaka, ikaisha. Si njo vile?"

"Ndivyo."

"Sasa huku anaiwasha tena. Kiberiti moja?"

Sikuwa nimeona. Nilikuwa nimeisikiliza albamu ile mara nyingi sana na sikuwa nimeona. Nilimwambia kwamba katika mashairi kiberiti kinaweza kuwaka mara mbili. Alivuta hewa puani, fupi, kama mtu anayefunga mlango wa banda la kuku.

Jioni ile mke wangu alirudi na miguu imevimba, akaketi jikoni, akaniambia: "Maman anasema munazungumza muzuri."

"Hatuzungumzi. Anatukana muziki wangu kutoka asubuhi mpaka jioni."

"Kwake ni kitu kimoja," alisema. "Papa yangu alikufa bila kusikia nusu ya maneno ile." Alikuwa anacheka, na mimi sikuona cha kuchekesha.

Kulikuwa na albamu moja niliyokuwa nimeificha, kwa sababu ndiyo niliyokuwa nimeiweka ya kwanza katika mwaka wote. Ni ya mwanaume wa makamo, wa Ireland, aliyefiwa na mke. Gitaa la taratibu, kinanda mbali, na ile sauti. Niliisikia mara ya kwanza mwezi wa tano, nikiwa nimesimama kwenye foleni kununua mafuta, na nilitoka kwenye foleni nikaacha nafasi yangu, nikaenda kusimama kando ya ukuta ili watu wasinione. Nilisita kuipeleka mbele ya mwanamke yule. Lakini mkutano wetu ulikuwa umekaribia na nilihitaji kuisikia tena kwenye bafle. Siku moja mvua ilipokatika, nilimwambia kabla ya kufungua: "Maman, huyu alifiwa na mke wake. Nyimbo zote ni za kumlilia."

Alijiweka sawa kwenye kiti. Hakusema kitu wimbo wa kwanza, wala wa pili. Rozari ilikuwa imelala mapajani. Ilipofika wimbo wa nne, ambapo sauti inavunjika na ngoma inaingia, niliona ameinamisha kichwa, na nikafikiri, hatimaye. Ilipokwisha yote aliuliza:

"Bibi yake alikufa wakati gani?"

"Mwaka mmoja kabla, wanasema."

"Na sasa anauza."

"Hauzi, Maman. Anaomboleza."

"Weye ulipata bule?"

"Hapana, nililipa."

"Basi anauza." Alipoendelea, sauti yake haikuwa ya ukali, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. "Bwana yangu alipokufa, sikuweza kupanga maneno mbili. Batu banakuja, banasema pole, na miye sijue kujibu. Huyu anapanga maneno, anapanga gitaa, mpaka ngoma inaingia pahali pake sawasawa. Ao hakumupenda sana, ao iko na nguvu sana. Moja kati ya ile mbili."

Hapo nilivunja desturi. Nilisimama mbele yake nikamjibu kama mtu anavyomjibu mtu wa rika lake: "Maman, anaimba ili asife."

"Sawa," alisema. "Aimbe mu nyumba yake."

Nilitoka nje. Nilishuka mpaka kwenye ngazi za chini ya nyumba na kukaa pale, na jirani aliyekuwa anaanika nguo akaniuliza kama kuna msiba. Nilikuwa na hasira ya kitoto. Mwanamke asiyejua jina la ala hata moja alikuwa ametia doa kwenye kitu changu, na ubaya wake ni kwamba doa lilikuwa mahali pake. Ngoma ile ya wimbo wa nne inaingia sawasawa mno. Nilikuwa nimelihisi hilo tangu mwezi wa tano na nilikuwa nimelifunika.

Zamani mkutano wetu tulikuwa tunaufanyia kwenye baraza ya baa moja ya Nguba, lakini mwenye baa alikuwa amefunga na kuhamia Bujumbura kama watu wengi mwaka ule. Nikajitolea nyumba yangu, Jumamosi mchana. Nilimwomba mke wangu ampeleke mama yake chumbani kwa saa chache. Mama alikataa.

"Ile chumba iko na baridi. Balevi bakuje. Sitabauma."

Wakaja. Mke wangu alikuwa amewaachia mishikaki kabla ya kwenda Nyawera, na Mbelgiji alileta chupa zake mbili, anazoleta kila mwaka na kuzilinda kila mwaka. Avoka alimsalimu mama mkwe kwa kumpigia kelele, "Bonjour, Maman!" kana kwamba bandeji ilikuwa imefungwa masikioni. Injinia alitazama bafle zangu akasema bass haipo. Huwa anasema hivyo kabla hazijawashwa.

Tukaanza. Avoka alisimama, ndiyo, alisimama sebuleni kwangu, akatetea albamu ya yule kijana wa unyevu. Alisema ni muhimu. Alisema inasema ukweli juu ya mamlaka. Mbelgiji alisema yeye aliwaona vijana hao Liège, kule Ubelgiji, wakiwa bado wadogo, ukumbini hapakuwa na mtu. Mbelgiji ameona bendi zote zikiwa bado ndogo. Ukimsikiliza, huko Liège alikuwa kama mkunga. Injinia alitikisa kichwa na kula. Tukaipa nafasi ya kwanza kwa muda, kwa sababu kila mtu alitaka kufika kwenye yake.

Zamu yangu ilipofika nilimtaja yule mjane wa Ireland, nikaomba tuisikilize kutoka mwanzo. Walikubali kwa uso wa watu wanaokubali kusali kabla ya chakula. Nikafungua.

Wimbo wa kwanza walinyamaza. Wa pili, avoka alimwinamia injinia na kuanza kumweleza kesi ya kiwanja cha Muhumba, ndugu wawili na hati mbili. Wa tatu, Mbelgiji aliingia na habari za viza, nani amepata, nani amenyimwa, ubalozi gani sasa unadanganya kuliko mwingine. Sauti zao zilipanda juu ya gitaa kidogo kidogo, jinsi maji yanavyopanda ndani ya beseni. Mimi nilitazama sakafu. Wa nne ulianza, ukafika pale ambapo sauti inavunjika, na pale pale injinia akaangua kicheko kwa ajili ya wale ndugu wawili, kicheko kinachoonyesha nyama mdomoni.

"Munyamaze!"

Sauti ilitoka kwenye kiti cha dirishani. Tulikuwa tumemsahau. Hakuwa amegeuka. Mkono mmoja ulikuwa umenyanyuka kidogo, rozari inaning'inia.

"Minataka kusikia huyu mubaya namna anamaliza."

Kwa muda mfupi chumba kizima kilisikia ngoma tu. Kisha avoka akatabasamu, tabasamu la mahakamani.

"Kumbe Maman anapenda roki?"

"Hapana. Ni mubaya. Lakini sijamaliza kumusikia."

Avoka alinigeukia mimi akasema kwa Kifaransa, kwa sauti ya mtu anayemsifu mbwa wa jirani, kwamba mwaka ujao tumpe mama kiti katika kamati, angalau tutakuwa na sauti ya mashambani. Mbelgiji alicheka. Mama mkwe hajui Kifaransa, lakini mtu hahitaji Kifaransa kusikia anapochekwa. Alishusha mkono.

Nilimwuliza avoka: "Huu wimbo unaisha vipi?"

"Upi?"

"Huu uliokwisha sasa hivi."

"Unaisha vizuri," alisema. "Prof, tunachagua albamu, hatufanyi mtihani."

Basi nikasema. Nilisema yote niliyokuwa nimeyaweka miaka mingi, na sitadanganya kwamba nilisikia uchungu. Nilisikia raha. Nilimwambia avoka kwamba masikio yake yako Paris na yeye amebaki hapa na suti. Nilimwambia injinia kwamba roki haikufa mwaka aliooa, aliyekufa ni yeye, na mke wake ni shahidi. Mbelgiji alinyanyua mkono kupatanisha, nikamwambia hapa Bukavu hakuna baridi ya koti lile na hajawahi kuwa mdogo wala mkubwa mahali popote. Nilimwambia kila mmoja kwamba anakula mishikaki yangu juu ya kaburi la mke wa mtu. Hiyo ilikuwa imezidi, najua. Lakini nilikuwa nimeshaanza.

Walisimama. Injinia alifuta vidole kwenye kitambaa cha kiti changu. Mbelgiji alichukua chupa yake ambayo haijafunguliwa. Avoka, mlangoni, aliniambia kwa huruma kwamba nipumzike, mwaka ulikuwa mgumu kwa kila mtu. Huruma yake niliidharau kuliko kitu kingine chochote nilichodharau mchana ule.

Watu wakisikia kisa hiki hufikiri kwamba nilimtetea mama mkwe wangu. Sikumtetea. Nilikuwa naitetea saa moja ya kusikilizwa ya mwimbaji mmoja aliyefanya kazi yake vizuri, na nilikuwa nimegundua kwamba katika chumba kile, aliyempa saa hiyo ni yule peke yake aliyemchukia. Wengine walikubali kumsikiliza, kisha wakamfunika kwa mazungumzo yao. Mimi mwenyewe, ninayejidai kumpenda, nilikuwa nimekaa kimya kwa adabu.

Mlango ulipofungwa, mama mkwe aliuliza: "Balienda?"

"Walienda, Maman."

"Rudisha ile ya ine. Balinikatia."

Nikairudisha. Nilivuta kiti cha mbao nikakaa, si karibu naye, lakini chumba kimoja, na nikaisikiliza pamoja naye mpaka mwisho wa albamu. Gari moja lilipiga honi barabarani na sisi wawili tulikunja uso.

"Na sasa?" nilimwuliza.

"Ni mubaya vilevile," alisema. "Lakini alimupenda. Nilikosea pale."

"Na ngoma?"

"Ngoma atoe."

Orodha ilitoka kabla ya mwaka mpya bila mimi. Kijana wa unyevu alikuwa wa kwanza. Wa pili alikuwa mjane wangu wa Ireland, naye sasa ameitwa "muhimu". Nadhani katikati ya wiki gazeti moja la Ulaya lilikuwa limemkumbuka. Msichana wa Nairobi hakuwepo. Chini ya orodha madole gumba yalipangana kama vibanda vya soko. Nilitoka kwenye kikundi kile na hakuna aliyeuliza, isipokuwa mtu mmoja wa Goma aliyetaka kujua kama nauza bafle.

Bandeji ilitolewa kwa mara ya mwisho mwanzoni mwa mwezi wa kwanza, na daktari alifurahi. Nilimsindikiza mama mkwe kwenye magari ya Nyangezi, mke wangu mbele na mizigo, mimi nyuma kwa umbali wa heshima. Kabla ya kupanda aligeuka akanitazama. Alinitazama usoni, wazi, kutoka utosi mpaka viatu, kwa jicho jipya, mbele ya watu, jambo ambalo mwanamke wa umri wake hafanyi.

"Nilizania uko murefu," alisema.

"Samahani, Maman."

"Haina kitu."

Kisha akageuza uso na desturi ikarudi mahali pake. Aliniambia tunashukuru Mungu, nikamwambia salimu wa nyumbani, akaniambia mvua iko karibu, nikasema ndiyo, iko karibu. Gari likaondoka. Mke wangu alinishika mkono, akadhani nina huzuni. Nilimwambia vumbi, na barabara ilikuwa matope.

Wiki chache baadaye ilitoka albamu ya kwanza ya mwaka mpya ambayo ilikuwa na maana kwangu: wasichana watatu, magitaa makali, nyimbo fupi. Niliiweka kwenye bafle Jumapili baada ya misa. Kiti cha dirishani kilikuwa wazi. Nilikaa kwenye kile cha mbao bila kufikiri. Wimbo wa pili ulikuwa na kosa, nilihisi, mahali fulani karibu na kibwagizo, lakini sikuweza kulishika, na nilijikuta nangoja mtu alishike.

Mke wangu alikuwa mezani anachagua mchele. Hakunyanyua macho.

"Iko muzuri," alisema.

"Nini iko muzuri?"

"Si hii muziki yako."

Nilimwuliza ni kitu gani hasa amependa. Alitoa jiwe moja dogo kwenye mchele, akaliweka pembeni, akafikiri kwa wema, maana mke wangu ni mtu mwema.

"Yote," alisema.

Nikazima.